Safari Ndefu ya Asiyeweza Kutembea

Mji wa Bukavu umejengwa juu ya rasi tano zinazoingia katika Ziwa Kivu, mfano wa vidole vya mkono uliochovywa majini. Muhumba ni kidole kimojawapo. Ni mahali pazuri: ziwa liko chini, vilima vya Rwanda vyaonekana ng'ambo, na upepo wa maji hupoza jua la adhuhuri. Lakini uzuri huo una bei yake, nayo ni mteremko. Mkazi wa Muhumba akitaka kwenda gatini, sokoni, hospitalini, ama mpakani penye mto Ruzizi, hana budi kupanda na kushuka, kisha kupanda tena. Mwenye miguu mizima hutokwa na jasho, hunung'unika kidogo, akafika. Je, yule asiyeweza kutembea afanyeje?

Na tusemapo safari, wasomaji wapendwa, hatusemi habari ya kwenda dukani tu. Twasema habari ya safari ndefu: kwenda Goma kumwona daktari, kwenda Uvira kumzika mzazi, kwenda ng'ambo ya mpaka kutafuta mguu wa bandia, kwenda chuoni mbali na nyumbani. Haya ni mambo ambayo kila mtu hukutana nayo maishani mwake. Mtu mwenye ulemavu naye ana baba wa kuzikwa, ana mtihani wa kufanya, ana biashara ya kuendesha. Shida zake hazipungui kwa kuwa miguu yake imepooza; mara nyingi huongezeka.

Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Maana yake ni kwamba mtu aliye mzima leo asijione kuwa amekwisha kuumbwa. Kesho gari laweza kupinduka, risasi yaweza kumpata, ugonjwa waweza kumlaza, naye akaamka na umbo jingine. Kwa hiyo habari hii si ya watu wachache wanaokaa kando ya barabara. Ni habari ya kila nyumba.

NYUMBA YENYE MAGURUDUMU

Katika nchi za Ulaya na Marekani kuna magari yaliyo nyumba. Ndani yake mna kitanda, jiko, tangi la maji, na choo. Mwenye gari hilo huendesha mchana, na jioni husimama mahali palipotengwa, akapika na kulala mumo humo. Watu wengi huyatumia kwa mapumziko tu. Lakini kwa mtu mwenye ulemavu gari la namna hii ni jambo jingine kabisa, kwa sababu linamwondolea mashaka ya kila kituo: Je, nitapata kitanda ninachoweza kupanda? Je, mlango wa choo utapitisha kiti changu? Je, nitapata maji ya kuoshea jeraha langu?

Mafundi huligeuza gari hilo lifae. Mlango hupanuliwa. Pembeni huwekwa jukwaa dogo la chuma linaloshuka hadi chini kwa nguvu ya umeme, likampandisha mtu pamoja na kiti chake cha magurudumu. Ndani, kiti hufungwa sakafuni kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, kisizunguke gari linapokata kona. Na ikiwa mwenyewe ndiye dereva, breki na mafuta huongozwa kwa vishikio vya mkono badala ya kanyagio za miguu.

Jambo hili si geni. Franklin Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 1933 hata alipofariki mwaka 1945, alipooza miguu mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka 39. Hata hivyo aliendesha motokaa yake mwenyewe, iliyotiwa vishikio vya mkono. Na kwa safari ndefu alikuwa na behewa lake la reli, lenye sebule, chumba cha kulia na vyumba vya kulala. Mwezi wa Januari 1943, alipokwenda mkutanoni Casablanca wakati wa vita kuu, alianza safari yake ndani ya behewa hilo hadi Miami, ndipo akapanda ndege. Alikuwa na nyumba yenye magurudumu, naam, na nyuma yake serikali nzima.

Wengi wetu hatutakuwa na behewa wala gari la nyumba. Bei yake haifikiki, na barabara zetu zingelivunja kabla halijaona mvua ya pili. Lakini tusilipite jambo hili kama watu wanaotazama picha tu. Ndani yake mna fundisho lenye faida, ambalo halihitaji fedha nyingi: msafiri mwenye ulemavu husafiri vyema anapochukua pamoja naye vile vitu ambavyo njia haitampa. Mwenye gari la nyumba huchukua kitanda, choo na maji. Sisi nasi twaweza kujiuliza: katika safari yetu, ni vitu gani ambavyo njia haitatupa?

BAISKELI YA MIKONO

Kabla ya kujibu, tutazame chombo chetu wenyewe. Huku Kongo mashariki, kama vile Kinshasa na Uganda, chombo cha mtu aliyepooza miguu ni baiskeli ya magurudumu matatu. Mafundi wetu huiunda kwa mabomba ya chuma yaliyounganishwa kwa moto. Mwenyewe hukaa kati, magurudumu mawili yakiwa nyuma na moja mbele. Huzungusha kwa mikono kile ambacho wengine huzungusha kwa miguu, na cheni hulivuta gurudumu. Nyuma ya kiti hutiwa nafasi ya mizigo. Panapokuwa na mlima, kijana husukuma.

Chombo hiki kimewafikisha watu mbali kuliko wengi wanavyodhani. Mpakani kati ya Goma na Gisenyi, baiskeli hizi, nyingine kubwa mno, zimejulikana kwa kuvusha mizigo ya kila namna. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, watu waliopooza kwa polio walijijengea biashara nzima juu ya magurudumu hayo. Na baina ya Kinshasa na Brazzaville, tangu miaka ya 1970, watu wenye ulemavu walipunguziwa nauli ya kivuko na kuhurumiwa katika forodha. Kwa njia hiyo wengi wao wakawa wafanyabiashara wa mtoni, wenye kuajiri hata watu wenye miguu mizima. Baadaye nafuu hiyo ikabanwa, na wengi wakapoteza riziki. Lakini walikwisha kuonyesha jambo moja: mtu hakosi kazi kwa kukosa miguu, hukosa kazi kwa kukosa njia.

Tena wasomaji wengi wamekwisha kusikia habari za Staff Benda Bilili, wanamuziki wa Kinshasa, walio wengi wao watu waliopatwa na polio, wakitembea juu ya baiskeli zao. Jina lao la Kilingala latuhimiza kutazama ng'ambo ya sura ya nje. Mwaka 2009 sahani yao ya muziki ilitoka. Mwaka 2010 filamu juu ya maisha yao ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa. Nao wakazunguka Ulaya wakipiga muziki. Watu waliokuwa wakilala nje ya bustani ya wanyama ya Kinshasa walivuka bahari.

Na nchini Kenya, mwezi wa Juni 2012, bwana mmoja, Zachary Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi na wanyang'anyi mwaka 2004, alitoka Nairobi juu ya kiti chake cha magurudumu, akaelekeza uso wake Afrika Kusini, safari ya kilometa zaidi ya 4,000. Kwa nini Afrika Kusini? Kwa sababu Wakenya wengi walioumia uti wa mgongo walilazimika kutafuta matibabu huko. Alitaka nchi yake ichange fedha za kujenga hospitali yake yenyewe. Hakufika Afrika Kusini, wala kufika hakukuwa shabaha yake kubwa. Kila kilometa aliyoisukuma kwa mikono yake iliwauliza Wakenya swali moja: Mpaka lini mtu mgonjwa atasafiri hivi?

TUMFIKIRIE MAMA MMOJA WA MUHUMBA

Sasa turudi kwetu. Tumfikirie mama mmoja akaaye Muhumba, aliyepooza miguu, mwenye kiti cha magurudumu na mtoto wa darasa la sita wa kumsukuma. Njia zake ni zipi?

Ya kwanza ni ziwa. Kutoka Bukavu hadi Goma ni karibu kilometa 100 kwa maji, na barabara ya nchi kavu, ipitayo Kalehe, Minova na Sake, ni karibu maradufu. Kwa hiyo ziwa ndilo barabara kuu ya watu wetu. Lakini tazama mahali pa kupandia: mara nyingi ni ubao mwembamba, wenye unyevu, unaocheza kila wimbi lipigapo. Mwenye magongo huteleza hapo. Mwenye kiti hawezi kabisa. Basi huja wachukuzi wawili, humkamata mama yetu mmoja mabegani na mwingine miguuni, wakamtupia ndani kama gunia la makaa. Kiti chake hukunjwa na kuwekwa chini ya mizigo, naye hutozwa nauli yake na nauli ya kiti. Hebu tuulize: ni nani aliyewahi kutozwa nauli ya miguu yake?

Tena ziwa lina hatari zake. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na gati la Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakingoja ndugu zao. Watu wengi walikufa. Vita vilikuwa vimeifunga barabara, na mashua ilikuwa imejaa kupita kiasi. Ikiwa wenye miguu na mikono walishindwa kujiokoa hatua chache kutoka nchi kavu, asiyeweza kusimama atajiokoaje?

Ya pili ni barabara ya kusini, iendayo Kamanyola na Uvira. Hii hupita katika genge la Ngomo, mahali ambapo mlima uko upande mmoja na shimo upande wa pili. Abiria mzima hujishikilia kwa miguu yake gari linapoyumba. Aliyepooza hana cha kujishikilia nacho. Akiwekwa kiti cha pembeni bila mkanda, kona moja yatosha kumwangusha.

Ya tatu ni kuvuka Ruzizi na kuingia Rwanda. Njia hii yajulikana sana na wenye ulemavu wa nchi zetu kwa sababu ya Gatagara. Huko, mwaka 1960, Padre Joseph Fraipont, Mbelgiji ambaye Wanyarwanda walimwita Ndagijimana, alianzisha nyumba ya kuwalea na kuwatibu watoto wenye ulemavu, akaiweka chini ya ulinzi wa Bikira wa Maskini. Padre huyo alifariki mwaka 1982. Nyumba yake ikaendelea mikononi mwa Mabruda wa Upendo, nayo imekuwa na karakana ya kutengeneza miguu ya bandia na viatu vya chuma. Kutoka Bukavu hadi huko ni karibu kilometa 200: kwanza mpaka, kisha msitu wa Nyungwe wenye kona zisizohesabika, kisha Huye, kisha Nyanza. Barabara ni ya lami, lakini mwili uliopooza huchoka upesi kuliko unavyojua.

Si wote walazimikao kwenda mbali hivyo. Bukavu kwenyewe kuna Kituo cha Heri Kwetu, kinachowahudumia wenye ulemavu, na Goma kuna Shirika la Umoja. Heri mtu aulize kwanza nyumbani. Kuuliza si ujinga, na safari bora ni ile iliyowezekana kuepukwa.

MAMBO YA KUTENGENEZA KABLA YA SAFARI

Haya basi ndiyo majibu ya swali letu: ni vitu gani ambavyo njia haitatupa?

Kwanza, mto wa kukalia. Mtu asiyesikia maumivu katika viungo vyake hajui kwamba nyama yake inabanwa. Akikaa saa tano juu ya ubao wa basi bila kujigeuza, damu haipiti, nyama hufa, na kidonda huanza. Kidonda cha namna hiyo huanza kama doa jekundu, au doa jeusi zaidi kwenye ngozi nyeusi, nacho chaweza kufika mfupani na hata kuua. Mto mnene wa sponji ni dawa ya bei nafuu. Lakini asitumie mto wenye tundu katikati, kama mpira wa gurudumu; wengi huudhania kuwa mzuri, kumbe hubana damu pande zote. Tena kila robo saa, au nusu saa isipite, ajiinue kwa mikono yake kwa muda kidogo, ama aegemee upande huu, kisha upande ule. Jioni mwenzake amtazame ngozi, matako, visigino na nyonga.

Pili, maji. Wasafiri wengi wenye ulemavu hujinyima maji tangu jana yake, wapate kuepuka aibu ya kutafuta choo njiani. Twaelewa sababu, lakini twasema wazi kwamba desturi hii ni mbaya. Mkojo mchache na mzito huleta maradhi ya kibofu na figo, hasa kwa mtu atumiaye mpira wa mkojo. Heri anywe, achukue chupa yenye mdomo mpana au kopo lenye kifuniko, sabuni, na kitambaa kikubwa cha kujisitiri. Mwenye mpira wa mkojo achukue wa akiba uliofungwa safi, na aoshe mikono kabla ya kuugusa. Huyo ndiye aliyejitengenezea choo cha safari yake, sawasawa na mwenye gari la nyumba.

Tatu, vyombo vya fundi. Baiskeli ya mikono ikiharibika njiani, mtu wake hawezi kuishika mkononi na kwenda kwa miguu kama tufanyavyo sisi. Yeye hubaki pale pale. Kwa hiyo asitoke bila pampu, viraka na gundi yake, spana ipatanayo na nati zake, spoku chache, na mafuta kidogo ya cheni. Breki zipimwe kabla ya kila mteremko mkubwa. Penye mteremko mkali, msaidizi akae nyuma na kushika kamba iliyofungwa kwenye fremu. Na kiti cha magurudumu kishushwe kinyumenyume, uso wa mtu ukielekea mlimani, asije akamwagika mbele.

Nne, dawa na karatasi. Dawa za siku zote zichukuliwe zaidi ya siku za safari, kwa maana njia yaweza kufungwa. Hati ya kusafiria, barua ya daktari na kadi ya ulemavu, kama mtu anayo, zifungwe katika mfuko usiopenya maji na kuvaliwa shingoni, si kuwekwa ndani ya sanduku lililo chini ya mizigo.

Tano, majini. Jaketi la kujiokoa livaliwe tangu gatini na kufungwa kamba zake zote. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Kiti kifungwe kwenye mashua kisiviringike, lakini mtu asifungwe kwenye kiti kamwe. Garini mkanda huokoa. Majini mkanda humvuta mtu chini pamoja na chuma.

NAMNA YA KUMSAIDIA MSAFIRI

Sasa twageukia wenye miguu mizima, na hasa vijana wa shule, walio na nguvu na moyo mwepesi.

Jambo la kwanza ni kuuliza. Usimkamate mtu bila kumsemesha. Yeye ndiye fundi wa mwili wake. Anajua upande upi unauma na mkono upi una nguvu. Useme, "Mama, tukusaidieje?" Kisha usikilize. Na umwulize yeye mwenyewe, si mtoto aliyefuatana naye. Ulemavu wa miguu haukumwondolea ulimi.

Jambo la pili ni kuinua kwa akili. Wawili hutosha kwa mtu wa kimo cha kawaida. Mmoja husimama nyuma, hupitisha mikono chini ya makwapa yake na kuifunga kifuani pake. Wa pili hushika chini ya magoti. Huhesabu pamoja, huinua pamoja, na hushusha pamoja, wakikunja magoti na si migongo. Kiti chenye mtu kishikwe kwenye fremu iliyo imara. Asiyejua hushika mahali pa kuegemeza mikono, pakachomoka, na mtu akaanguka.

Kwa asiyeona, usimvute kama mbuzi wa mnada. Mpe kiwiko chako akishike, utangulie nusu hatua, na umwambie, "Hapa pana ubao, hapa pana ngazi tatu." Kwa asiyesikia, jua kwamba mwito wa kuondoka mashua haukumfikia, mguse bega, umwonyeshe. Haya hayahitaji fedha. Yahitaji macho, na mwenye macho haambiwi tazama.

Na mahali pa kupandia mashua je? Ubao mpana wa mita moja, wenye vijiti vya kuzuia kuteleza na kamba ya kushikilia upande mmoja, ni kazi ya seremala mmoja kwa siku moja. Ungewafaa wenye ulemavu, na pia wajawazito, wazee, na mama mwenye mtoto mgongoni na beseni kichwani. Twawauliza wenye mashua: ubao huo umeshindikana kwa sababu gani?

SHERIA INASEMAJE

Wapo wanaodhani kuwa kumsaidia mwenye ulemavu ni sadaka tu, ya kutolewa siku moyo upendapo. Sadaka ni njema, lakini sheria imekwenda mbele yake. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, yasema kwamba wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Kifungu cha 9 cha Mkataba huo chadai kwamba vyombo vya usafiri viweze kutumiwa na watu hao. Cha 20 chasema juu ya haki yao ya kwenda watakako, kwa njia waichaguayo na kwa gharama wanayoiweza. Tena tarehe 3 Mei 2022 nchi yetu ilipata sheria yake yenyewe ya kuwalinda na kuziendeleza haki zao.

Sheria haijengi ubao gatini. Lakini humpa mama yetu neno la kusema. Anapotozwa nauli ya kiti chake, haombi huruma, anadai haki. Kuna tofauti kubwa baina ya mtu anayeomba na mtu anayedai, hata kama wote wawili wamekaa chini.

WAKATI WA VITA

Iko safari moja ambayo hakuna anayeipanga. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia Goma, na katikati ya Februari vikaingia Bukavu. Ulipofika mwezi huo, kila nyumba ilijiuliza: twende au tubaki? Penye mtu aliyepooza, swali lilikuwa jingine: nani atambeba, na mpaka wapi? Kifungu cha 11 cha Mkataba tuliouтаja chazitaka serikali ziwalinde watu wenye ulemavu wakati wa vita na misiba. Lakini risasi zikilia usiku, aliye karibu ni jirani, si serikali.

Kwa hiyo twashauri jambo moja. Kila mtaa na kila jumuiya ijue, wakati wa utulivu, ni akina nani wasioweza kukimbia, na vijana gani wanne watakwenda mlangoni kwa kila mmoja wao. Babu zetu walikuwa na machela. Milimani kwetu wagonjwa wangali wakibebwa hivyo, watu wakipokezana mabegani, hata wafike zahanati. Miti miwili na blanketi imara hutengeneza machela kwa muda mfupi. Kinachokawia kutengenezwa ni mapatano ya nani atabeba, nayo hayafanywi wakati wa kukimbia.

Na wakati wa amani vilevile, kabla ya safari yoyote, ya ziwa ama ya barabara, uliza habari za siku ile ile. Njia iliyokuwa wazi jana yaweza kuwa imefungwa leo, na anayekwama njiani na kiti cha magurudumu hukwama mara mbili.

NENO KWA WANAFUNZI

Vijana, baadhi yenu mtakuwa mafundi wa kuunganisha vyuma, wengine madereva, wengine wahandisi wa barabara, wengine manahodha, wengine mahakimu. Mtakapochora mlango, ukumbukeni upana wa kiti. Mtakapojenga ngazi, tieni na njia ya mtelemko kando yake. Mtakapoendesha basi, mngojeni mwenye magongo aketi kwanza, ndipo mwondoe gari.

Na wewe kijana mwenye ulemavu usomaye karatasi hii: jifunze ufundi wa chombo chako hata uweze kukifungua na kukifunga mwenyewe. Jifunze sheria yako hata uweze kuitaja bila kutazama kitabu. Jifunze pia kusema "hapana" kwa mchukuzi anayetaka kukutupa kama mzigo, na "asante" kwa yule anayekuuliza kwanza. Kisha safiri. Nenda ukamzike mzazi wako, ukafanye mtihani wako, ukauze bidhaa zako. Watu watakapozoea kukuona gatini, sokoni na mpakani, hapo ndipo ubao utakapopanuliwa.